Marisau na choki katika uwindaji wa bata mzinga mwitu

Uchaguzi wa marisau na choki kwa ajili ya kuwinda bata mzinga mwitu (Meleagris gallopavo) ni maandalizi ambayo mwindaji huyafanya kabla ya msimu, ili bunduki yake, katriji zake na mdomo wa mtutu wake vifanye kazi pamoja na kupeleka punje za kutosha kwenye kichwa na shingo ya ndege. Uwindaji huu hufanyika hasa nchini Marekani, na pia katika sehemu za Kanada na Meksiko, ambako ndege huyu ni wa asili. Maandalizi hayo ndiyo kwa sehemu kubwa huamua kama ndege atakufa papo hapo au ataondoka na majeraha na kufia mahali ambapo hataonekana.

Ndege na namna anavyowindwa

Ingawa jina lake la Kiswahili linamwita bata, bata mzinga si bata. Yumo katika familia ya Phasianidae pamoja na kuku na kwale. Bata mzinga wanaofugwa Afrika ya Mashariki ni wazao wa ndege waliofugwa kwanza Meksiko na wenyeji wa huko, kisha wakapelekwa Ulaya na Wahispania katika karne ya 16. Yule wa mwituni ni mwepesi zaidi wa mwili, anajua kuruka, na ana macho makali sana. Dume aliyekomaa huwa na uzito wa kilogramu 5 hadi 11, na jike ni karibu nusu ya hapo.

Mwanzoni mwa karne ya 20 ndege hao walikuwa wametoweka katika majimbo mengi ya Marekani kwa sababu ya kuwindwa ovyo na kukatwa kwa misitu. Walirudishwa kwa kunaswa mahali walipobaki na kuhamishiwa kwingine. Kuanzia miaka ya 1950 kazi hiyo ilisaidiwa sana na nyavu zilizorushwa juu ya kundi kwa nguvu ya baruti. Sehemu ya gharama za uhifadhi hulipwa na wawindaji wenyewe: kutokana na sheria ya mwaka 1937 iitwayo Pittman-Robertson, kodi ya asilimia 11 ya bunduki ndefu na risasi hupelekwa kwenye uhifadhi wa wanyamapori.

Msimu unaopendwa zaidi ni wa majira ya kuchipua, na wakati huo kwa kawaida huruhusiwa kuua madume tu. Mwindaji huketi chini ya mti akiwa amevaa nguo zinazofanana na msitu, huiga sauti ya jike, kisha husubiri dume asogee. Hapigi mwili. Manyoya ya bata mzinga ni mazito, na kifua chake kina misuli minene. Punje ndogo zinazopiga hapo mara nyingi hazifiki kwenye moyo au mapafu. Ndege aliyepigwa kifuani huweza kukimbia au kuruka, na mwindaji akabaki anafikiri kwamba amemkosa. Kichwa na shingo ndivyo vyenye ubongo na uti wa mgongo, na punje chache zikifika huko ndege huanguka hapo hapo. Lakini shabaha hiyo ni nyembamba, upana wake ni sentimita chache tu, na haitulii.

Katriji na geji

Katriji ya bunduki ya marisau ni ganda la plastiki lenye kitako cha madini. Ndani yake kuna fataki, baruti, kikombe cha plastiki, na ndani ya kikombe hicho mna marisau. Baruti ikilipuka husukuma kikombe pamoja na punje zake. Baada ya kutoka mtutuni kikombe hubaki nyuma na punje huendelea.

Upana wa mtutu hupimwa kwa geji, kipimo cha zamani kinachowachanganya wanafunzi kwa kuwa namba ikiwa kubwa mtutu huwa mwembamba. Geji 12 maana yake ni kwamba vigololi 12 vya plumbi vyenye upana wa mtutu huo vina uzito wa ratili moja, yaani gramu 454. Mtutu wa geji 12 una kipenyo cha milimita 18.5, na wa geji 20 milimita 15.6. Bunduki ya .410 haihesabiwi kwa geji. Namba hiyo ni kipenyo chenyewe kwa inchi, sawa na milimita 10.4.

Kwa miaka mingi geji 12 ndiyo iliyotawala uwindaji huu, kwa sababu katriji yake hubeba marisau mengi, kiasi cha gramu 50 hadi 57, na zaidi katika zile ndefu. Urefu wa katriji za geji 12 ni milimita 70, 76 au 89. Ile ya milimita 89 hupiga bega kwa nguvu kubwa, na faida yake mara nyingi ni ndogo kuliko watu wanavyodhani. Mwindaji anayeogopa bunduki yake hufumba macho na kuivuta pembeni kabla ya kufyatua, na hapo wingi wa marisau haumsaidii kitu. Inampasa kila anayenunua kusoma maandishi yaliyo kwenye mtutu, kwani katriji ndefu kuliko chemba ni hatari hata kama imeingia.

Ukubwa wa punje

Marisau hupewa namba, na hapa pia namba kubwa ni punje ndogo. Katika utaratibu wa Marekani kuna njia rahisi ya kukumbuka: toa namba ya marisau kutoka 17, na jibu ni kipenyo kwa mia za inchi. Kwa hiyo namba 5 ni 17 kutoa 5, yaani inchi 0.12, ambayo ni milimita 3.05. Namba 4 ni milimita 3.3, namba 6 ni milimita 2.8, na namba 9 ni milimita 2.03. Uingereza ina utaratibu wake, hivyo namba moja haimaanishi punje zilezile katika nchi hizo mbili.

Kwa marisau ya plumbi, namba 4, 5 na 6 ndizo za bata mzinga. Katriji ya gramu 50 hubeba takriban punje 240 za namba 4, punje 300 za namba 5, au punje 390 za namba 6. Namba 4 huingia ndani zaidi lakini ni chache, na katika umbali mkubwa huacha mianya ambamo kichwa cha ndege kinaweza kupona. Namba 6 hujaza mianya hiyo ila huchoka mapema. Namba 5 iko katikati, na ni chaguo la busara kwa anayeanza.

Plumbi, chuma na tungsteni

Kwa Kiswahili neno risasi hutaja kitu kinachotoka kwenye bunduki na pia metali ambayo kitu hicho hutengenezwa nayo; ndiyo maana makala hii inatumia neno plumbi kwa metali. Plumbi ni nzito, ikiwa na densiti ya gramu 11.3 kwa sentimita ya ujazo, lakini ni laini. Punje zinapobanwa mtutuni hupondeka, na punje isiyo duara huenda upande. Watengenezaji huipunguza kasoro hiyo kwa kuchanganya plumbi na antimoni, kuipaka shaba, na kujaza ungaunga wa plastiki kati ya punje.

Chuma kina densiti ya 7.9 hivi. Hakipondeki, ila hupoteza mwendo upesi kwa kuwa ni chepesi, na hivyo hudai punje kubwa zaidi na umbali mfupi zaidi. Bismuthi, yenye densiti karibu na 9.7, iko kati ya chuma na plumbi.

Mabadiliko makubwa yameletwa na aloi ya tungsteni, metali ambayo wanakemia huiita pia wolframi. Aloi inayouzwa kwa kifupi cha TSS ina densiti ya gramu 18 kwa sentimita ya ujazo. Ili kuelewa maana yake, zidisha densiti kwa kipenyo. Jibu halielezi kila kitu, lakini ni kipimo kizuri cha uwezo wa punje mviringo kupenya ikiwa mwendo ni ule ule. Plumbi ngumu ya marisau ina densiti ya 11.1, kwa namba 4 tunapata 11.1 mara 3.3, yaani 36.6. Kwa TSS namba 9 tunapata 18 mara 2.03, yaani 36.5. Punje ile ndogo, ambayo ingekuwa ya plumbi ingetumiwa kwa ndege wadogo tu, inapenya karibu sawa na punje kubwa ya plumbi. Na katika gramu 50 zimo takriban 630, badala ya 240.

Ndiyo sababu geji 20 na hata .410 sasa hutumika kwa bata mzinga, jambo ambalo zamani lingechekwa. Vijana na watu wasiopenda pigo la begani wamenufaika zaidi. Kikwazo ni bei, kwa kuwa katriji moja ya TSS hugharimu mara kadhaa ya ile ya plumbi.

Choki

Choki ni kubanwa kwa mdomo wa mtutu ili punje zisitawanyike upesi. Ni kama mtu anayebana mdomo wa mpira wa maji kwa kidole ili maji yafike mbali. William Rochester Pape wa Newcastle, Uingereza, alipata hataza mwaka 1866, na W. W. Greener aliiboresha katika miaka ya 1870. Siku hizi choki nyingi ni bomba fupi linaloparafujwa ndani ya mdomo wa mtutu, hivyo bunduki moja huweza kuwa na choki kadhaa.

Kipimo cha desturi ni asilimia ya punje zinazoingia katika duara la sentimita 76 kwa umbali wa yadi 40, yaani mita 36.6. Mtutu usiobanwa kabisa hupeleka kama asilimia 40. Uliobanwa kidogo 50. Wa kati 60. Na choki kamili 70. Choki za bata mzinga hubana zaidi ya hapo. Katika geji 12 tundu la kutokea huwa karibu milimita 17, yaani pungufu ya mtutu kwa milimita 1.5 hivi.

Wengi hudhani kwamba kadiri choki inavyobana ndivyo inavyofaa. Sivyo. Ikizidi, punje hugongana na kupondeka, na mtawanyo huharibika katikati. Vikombe vingine vimetengenezwa kuachana na punje polepole, na hivyo hufanya kazi vizuri zaidi na choki ya wastani. Marisau ya chuma hayapaswi kupitishwa kwenye choki iliyobana sana, kwa kuwa hayabonyei na yanaweza kuvimbisha mtutu. Kwa TSS, ambayo ni ngumu zaidi ya chuma, ni lazima kufuata maelekezo ya mtengenezaji wa choki na ya katriji pia.

Kujaribu kwenye karatasi

Bunduki mbili za chapa moja, zenye choki moja na katriji moja, zinaweza kutawanya punje kwa namna tofauti. Maandishi ya kwenye boksi hayawezi kumwambia mwindaji bunduki yake itafanya nini. Karatasi ndiyo itakayomwambia. Kwanza hutumia katriji nyepesi za bei nafuu kuona kama bunduki hupiga pale inapolengwa, akiwa ameiegemeza mahali imara na nyuma ya shabaha kuna kilima cha udongo. Kisha huweka karatasi pana kwa yadi 40, hupiga katriji moja ya kuwindia, huchora duara la sentimita 25 kuzunguka mahali palipojaa zaidi, na kuhesabu matundu. Kila pigo huwa na karatasi yake, na kitu kimoja tu hubadilishwa kwa wakati: ama choki, ama katriji.

Kanuni inayotumiwa na wengi ni matundu 100 katika duara hilo. Duara la sentimita 25 lina eneo la sentimita za mraba 491, kwa hiyo punje 100 ni wastani wa punje moja kwa kila sentimita za mraba 5. Tuchukulie kichwa na shingo vina eneo la sentimita za mraba 50: zitaingia punje 10 hivi. Matundu yakiwa 40, zitaingia 4, na kwa kuwa huo ni wastani tu, safari nyingine itaingia moja au isiingie hata moja. Umbali ambao matundu yanashuka chini ya 100 ndio mpaka wa bunduki hiyo, hata kama ni yadi 32.

Ni lazima kujaribu karibu pia. Kwa yadi 10 choki ya bata mzinga hutoa mtawanyo usiozidi ngumi, na dume aliyesogea sana hukoswa kwa urahisi. Kwa sababu hiyo wengi wameacha kishanga kimoja cha kulengea na kutumia kilengeo chenye nukta nyekundu.

TSS imeleta mjadala juu ya umbali. Kwa muda mrefu yadi 40 zilihesabiwa kuwa kikomo cha haki kwa ndege, na sasa wapo wanaopiga zaidi ya hapo kwa sababu karatasi inawaruhusu. Lakini karatasi haisogezi kichwa, wala haisimami nyuma ya tawi ambalo jicho halikuliona. Msituni pia ni rahisi kukosea makadirio ya umbali, na aliyedhani ni yadi 45 huenda amepiga kwa 60.

Sheria na usalama

Kila jimbo la Marekani lina kanuni zake. Mengi huweka kikomo cha ukubwa wa punje ili kuzuia watu kutumia marisau makubwa yanayosafiri mbali, kwa kuwa mwindaji mwingine anaweza kuwa amejificha upande wa pili. California imepiga marufuku risasi za plumbi katika uwindaji wote tangu tarehe 1 Julai 2019, kwa sababu ndege walao mizoga, hasa kondori, hula vipande vya plumbi na kufa kwa sumu. Huko mwindaji huchagua kati ya chuma, bismuthi na tungsteni.

Kichwa cha dume wakati wa kujamiiana huwa chekundu, cheupe na cha buluu. Kwa hiyo wawindaji hukatazwa kuvaa rangi hizo, hata leso au soksi, na anayebeba ndege aliyekufa au ndege bandia kutoka msituni humfunika kwa kitambaa cha rangi ya chungwa inayong'aa.