Ugonjwa Utokanao na Kazi

Istilahi hii inataja maradhi ambayo chanzo chake ni shughuli au mazingira ya kazi ya mtu. Wengi hufupisha wakasema "ugonjwa wa kazini", na hapo maana inalegea, kwa sababu hata mafua uliyoambukizwa na mwenzako ofisini yataingia humo. Neno "utokanao" linadai chanzo kitajwe, na fidia inategemea hapo.

Mtazame mhimilishaji wa ng'ombe katika wilaya ya mifugo kama Kongwa, Tanzania, penye ranchi ya taifa na kituo cha TALIRI, taasisi ya utafiti wa mifugo. Mbegu za dume anazopandikiza hukaa kwenye mirija ndani ya mtungi wa naitrojeni kimiminika, nyuzi 196 chini ya sifuri. Ikimmwagikia na kunasa ndani ya glavu, ngozi inaungua kwa baridi. Mtungi ukivuja kwenye chumba kisichopitisha hewa, kila lita inageuka karibu lita 700 za gesi isiyo na harufu, na oksijeni inapungua bila mtu kujua. Hizo ni ajali: zina siku yake na mashahidi wake.

Bega lake halina siku ya kutaja. Mkono mmoja umezama ndani ya ng'ombe kwa njia ya haja kubwa, vidole vimeshika shingo ya kizazi kupitia ukuta wa utumbo, mkono wa pili unaongoza mrija, na ng'ombe anajikaza. Miaka ikipita, bega na kifundo cha mkono vinauma hata usiku. Wenzake wa maabara za uzazi wa binadamu huumwa shingo na mgongo kwa kuinamia hadubini.

Brusela, ugonjwa wa kuambukizwa na mifugo, inajificha zaidi. Anaipata kwa kugusa kondo au majimaji ya ng'ombe aliyetupa mimba. Homa huja na kuondoka, jasho humtoka usiku, viungo huuma, hata korodani zinaweza kuvimba. Ni rahisi kudhaniwa malaria. Daktari asipouliza "unafanya kazi gani?", kipimo sahihi hakiagizwi.

Sheria ya Fidia kwa Wafanyakazi ya Tanzania, ya 2008, inatambua ajali na magonjwa pia, na Mfuko wake ulianza kazi 2015. Lakini unamlinda mwajiriwa. Mhimilishaji wa kujitegemea, anayezunguka kwa pikipiki yake boma hadi boma, yuko nje, ingawa brusela yake ni ileile. Naona vyama vya wafugaji vinavyomwita vina wajibu wa kumpa ajira na kumchangia kwenye Mfuko huo.