Sauti ya Dholuo na Muundo wa Faili: Kutoka Santuri hadi Simu

Tahajia ya Dholuo hutumia herufi tano za irabu, ilhali lugha yenyewe ina irabu tisa. Toni haiandikwi kabisa. Msomaji mzawa wa Nyalenda, mjini Kisumu, hujaza pengo hilo kwa sikio lake. Mtafiti wa karne ijayo huenda asiwe na sikio hilo. Sauti iliyorekodiwa, basi, ni ushahidi ambao maandishi hayawezi kuurithi, na suala la muundo wa faili, ambalo wanaisimu wengi huwaachia mafundi, ni suala la isimu.

Hugh Tracey alirekodi nchini Kenya mwaka 1950 na 1952, waimbaji wa Kijaluo wakiwemo, na sauti hizo zikatolewa katika santuri. Kaseti, iliyozinduliwa na Philips mwaka 1963, ilimwezesha mtu yeyote mwenye kinasa-sauti kunakili. Lakini kila nakala iliongeza mvumo, na nakala ya nakala ilizidi kuharibika.

Tarakilishi iliahidi kuiondoa kasoro hiyo. Faili ya WAV, iliyobuniwa na Microsoft na IBM mwaka 1991, kwa kawaida huhifadhi vipimo vyote vya sauti. MP3, jina lililoanza mwaka 1995, hutupa kile ambacho sikio la kawaida halitarajiwi kukihisi. Sikio hilo ni la nani? Ni la msikilizaji wa muziki, wala si la mwanafonetiki apimaye mawimbi. Hata hivyo, haki itendeke: toni huvumilia ubanaji wa wastani. Kinachopotoka mapema zaidi ni vipimo vya ubora wa sauti, ambavyo, pamoja na fomanti, husaidia kuyatenga makundi mawili ya irabu za Dholuo.

Hasara kubwa hutokana na kubana mara kwa mara. Masimulizi ya mzee yakitumwa kwa WhatsApp hubanwa kwa Opus. Yakigeuzwa MP3 hubanwa tena. Mahojiano ya intaneti nayo, yanaponaswa ndani ya tarakilishi ya mtafiti, huwa yamekwisha kubanwa njiani. Afadhali msimulizi ajirekodi mwenyewe upande wake. Kuigeuza MP3 kuwa WAV hunenepesha faili tu.

Mradi wa Kencorpus, ulioshirikisha Chuo Kikuu cha Maseno kilicho jirani na Kisumu, uliripoti mwaka 2022 saa 177 za usemi wa Kiswahili, Dholuo na Kiluhya. Hazina kama hiyo yastahili nakala asilia isiyobanwa: vipimo 48,000 kwa sekunde, kila kimoja cha biti 24, kiwango cha chini kinachopendekezwa na chama cha kimataifa cha hifadhi za sauti, IASA. Saa moja ya mkondo mmoja hufikia megabaiti 518 hivi. FLAC, ya mwaka 2001, huupunguza mzigo huo bila kutupa chochote. Msikilizaji wa Nyalenda anayenunua data kidogo kidogo atumiwe MP3, nayo itokane moja kwa moja na nakala asilia iliyobaki chuoni.