Magadi ya Kajiado na Gharama ya Njia

Msomaji, katika majiko mengi ya Kenya utakuta kipande cha magadi, cheupe na kigumu kama jiwe, kimewekwa karibu na chungu. Mpishi hutia kidogo tu, maharage yakalainika upesi, na kuni zikabaki. Kitu hiki hununuliwa kwa senti chache, wala hapana auliziaye kimefikaje hapo. Lakini zamani huko Ulaya magadi yalikuwa bidhaa ghali, na watu walihangaika miaka mingi kuishusha bei yake.

Sababu kubwa ilikuwa kioo. Mchanga mtupu hauyeyuki mpaka moto ufike kiasi cha digrii 1,700, bali ukichanganywa na magadi huyeyuka kwa moto uliopungua sana. Watengenezaji wa sabuni nao waliyataka. Watu walichoma mimea ya pwani wapate majivu yake, na majivu hayakutosha. Mwaka 1791 tabibu Mfaransa, Nicolas Leblanc, alipata hati ya kulinda uvumbuzi wake wa kufanya magadi kwa chumvi, asidi ya salfa, makaa ya mawe na mawe ya chokaa. Bei ikashuka, ila moshi wa tindikali uliotoka katika viwanda vya namna hiyo ukaua miti na mazao ya majirani, hata Bunge la Uingereza likatunga sheria juu yake mwaka 1863. Leblanc mwenyewe hakufaidi kitu. Alinyang'anywa kiwanda wakati wa mapinduzi, na mwaka 1806 akajiua. Katika miaka ya 1860 Ernest Solvay wa Ubelgiji akaleta njia ya amonia, ambayo hurudishwa ikatumika tena na tena, na hapo ndipo bei ilipoanguka kweli kweli.

Sasa twende Kajiado. Ziwa Magadi limelala chini katika Bonde la Ufa, kwenye joto kali. Chemchemi za moto humwaga ndani yake maji yenye magadi, jua huyakausha, na juu hubaki tabaka gumu. Palipochimbwa hujaa tena pole pole. Basi kazi iliyomgharimu Solvay mitambo mikubwa, hapa jua lilikwisha kuifanya bure. Mbona basi magadi haya hayakuenea ulimwenguni mapema? Kilichokosekana kilikuwa njia. Mzigo mzito wa bei ndogo haubebwi kwa vichwa vya watu wala kwa punda hata Mombasa, ukabaki na faida.

Kampuni ya Magadi Soda iliundwa mwaka 1911, na kufikia 1915 reli ya kilomita 146 hivi ilikuwa imetoka Konza, ikapita Kajiado, ikateremka mpaka ziwani. Lakini usiisome tarehe ile ya 1911 kwa haraka. Mwaka huo huo Wamaasai walitiwa katika mapatano ya kuhama Laikipia kwenda kusini, ingawa yale ya 1904 yaliwaahidi kuwa Laikipia ni yao daima. Walishtaki mahakamani mwaka 1913, na kesi yao ikatupwa. Kwa maoni yangu, hesabu yoyote ya urahisi wa magadi isiyotaja jambo hili ni hesabu pungufu.

Wala reli haikuleta utajiri mara moja. Kampuni ya kwanza ilishindwa, na mwaka 1924 ikaingia mikononi mwa Brunner Mond ya Uingereza, watu waliokuwa wakifanya magadi kwa njia ya Solvay. Mshindani akawa mwenyeji! Mwaka 2005 Tata Chemicals ya India ikainunua Brunner Mond pamoja na Magadi.

Leo wataalamu wanahangaika vivyo hivyo na mirija ya kaboni, myembamba kuliko unywele mara maelfu, iliyopata sifa kwa kazi ya Sumio Iijima wa Japani mwaka 1991. Kuifanya kidogo maabarani wanaweza. Kuifanya kwa tani, iwe safi na ya namna moja, ndiko kunakokula fedha.

Ukipita Kitengela, wako mafundi wanaoyeyusha chupa kuukuu na kuzifanya bilauri na taa. Hawahitaji magadi mapya kwa kioo hicho, kwa maana yamo tayari ndani ya chupa, tangu siku ile mchanga ulipoyeyushwa mara ya kwanza.