Dini ya Msambwa: Mapambano Yalianza Lini?

Mashariki mwa hapa Malaba, magharibi mwa Kenya, uko mji wa Malakisi. Huko, tarehe 10 Februari 1948, polisi wa kikoloni waliufyatulia risasi umati wa wafuasi wa Dini ya Msambwa, dini ya Wabukusu iliyopinga ukoloni. Watu 11 waliuawa. Serikali ilidai umati ulikuja kwa fujo. Wafuasi walisema walikwenda kudai viongozi wao waliokamatwa waachiliwe.

Chanzo cha mapambano nacho kina masimulizi zaidi ya moja. Wapo wanaoanzia miaka ya Vita vya Pili vya Dunia, Elijah Masinde, mwanakandanda wa Kimilili na kiongozi wa dini hiyo, alipokataa amri ya kung’oa magugu na kazi za kulazimishwa. Wengine hutaja Septemba 1947, alipoongoza maelfu hadi ngome ya Chetambe, kondoo mweusi akachinjwa kuwakumbuka Wabukusu waliouawa hapo na jeshi la Waingereza mwaka 1895. Wazee wengine husema mwanzo ni huo wa 1895, na hoja yao ni nzito: waliokusanyika Chetambe walikuwa wana na wajukuu wa waliouawa.

Mwaka 1948 dini hiyo ilipigwa marufuku, Masinde akapelekwa kizuizini Lamu.

Kama kwenu yupo mzee anayeikumbuka siku ya Malakisi, andika maneno yake leo.