Uchovu Ulioitwa Uasi: Askari Polisi wa Uganda na Afya ya Akili

Kiswahili nilikijua kabla ya kuanza shule. Baba yangu alikuwa konstebo, nasi tuliishi katika kambi ya polisi pamoja na Waacholi, Wateso, Wagisu na Walugbara. Watoto tulizungumza lugha ambayo wazazi wetu waliitumia kwenye gwaride. Nilipofika chuo kikuu niligundua kwamba Kiswahili changu kilikuwa na pengo. Nilijua kusema "mguu sawa" na "ndiyo afande", lakini sikujua namna ya kumweleza mtu kwamba moyo wangu umechoka. Katika insha hii nadai kwamba pengo hilo lina historia, na kwamba ni la jeshi lenyewe, si langu peke yangu.

Historia hiyo ni ya zamani kuliko polisi wenyewe. Mwaka 1891 Lugard aliwachukua askari wa Kisudani waliokuwa wamebaki baada ya Emin Pasha, akawaleta kulinda maslahi ya Waingereza nchini Uganda. Kwa miaka sita walipelekwa vita baada ya vita: Bunyoro, Nandi, Buddu. Mishahara yao ilikuwa midogo, tena ilichelewa na mara nyingi ililipwa kwa nguo. Mwaka 1897 waliamriwa kwenda safari nyingine ndefu pamoja na Macdonald, na wengi wakalalamika kwamba wamechoka na kwamba wanatenganishwa na wake zao. Hawakusikilizwa. Wakaasi, wakajifungia katika ngome ya Luba huko Busoga, wakawaua maofisa akiwemo Thruston. Siwatetei kwa mauaji yale. Ninachotaka kuonyesha ni kwamba malalamiko yalitangulia risasi, na walioyapokea waliyaona kuwa suala la nidhamu tu.

Miaka miwili baadaye, 1899, kikaundwa kikosi cha askari wenye silaha ambacho mwaka 1906 kiligeuzwa kuwa Polisi ya Uganda. Askari alitarajiwa kutumwa mbali na kwao, akae kambini, ahamishwe wakati wowote. Hata nyumba zilifuata wazo hilo. Vibanda vya mviringo vya bati ambavyo sisi tuliviita unipoti vinamtosha mtu mmoja na kitanda chake. Sisi tulikuwa sita. Jua likiwaka bati lile huwa kama sufuria, na askari aliyetoka zamu ya usiku hulala humo mchana, watoto wakicheza mlangoni. Mtu akitafuta chanzo cha hasira za askari, aanzie kwenye usingizi.

Kisha zikaja zama za Idi Amin. Mwaka 1973 alitangaza Kiswahili kuwa lugha ya taifa, lakini wananchi wengi walikuwa wamekwisha kukihusisha na vizuizi vya barabarani. Kikosi cha usalama cha Naguru kilitisha raia, na wakati huohuo maofisa wa polisi nao waliuawa au walitoweka. Baada ya 1986 jeshi la polisi lilichujwa na maelfu wakaachishwa kazi. Waliobaki walikuwa wameona mengi, wakaendelea na zamu.

Tarehe 11 Julai 2010 mabomu yalilipuka Kampala, katika klabu ya raga ya Kyadondo na mkahawa mmoja wa Kabalagala, watu zaidi ya 70 wakafa. Baba alikuwa miongoni mwa waliokusanya miili. Nilikuwa na miaka saba. Ninachokumbuka ni kwamba aliacha kula nyama, na kwamba usiku alikaa nje juu ya jeri-kani lililopinduliwa. Mama alimsihi aende kwa daktari. Akakataa: daktari angeandika, mkubwa wake angesoma, bunduki ingechukuliwa na pamoja nayo posho ya ulinzi. Miezi michache baadaye alikutwa amelala lindoni, akashtakiwa mbele ya mahakama ya nidhamu.

Je, leo mambo yamebadilika? Kwa kiasi fulani, ndiyo. Polisi ina kurugenzi yake ya afya, na Sheria ya Afya ya Akili ya 2018 imefuta sheria kuukuu iliyoitangulia. Lakini Mei 2023, jijini Kampala, askari mmoja alimuua mkopeshaji wake kwa risasi ofisini. Kwa maelezo ya polisi, alikwisha kulazwa Butabika na alikuwa amezuiwa kubeba silaha. Bunduki aliichukua kwa askari mwenzake waliyekaa naye chumba kimoja. Ugonjwa ulijulikana na amri ilitolewa, lakini chumba kilibaki kilekile.

Wakenya nao, chini ya Jaji Mkuu mstaafu David Maraga, walifanya uchunguzi kuhusu maslahi ya askari wao, na ripoti ikakabidhiwa Novemba 2023. Natamani kwetu tuanze na jambo dogo kuliko ripoti: mlango wa mshauri usipitie ofisi ya kamanda.

Baba sasa amestaafu. Likizo iliyopita nilimweleza neno sonona, nikamuuliza kama mwaka 2010 angejaza fomu yenye neno hilo. Alifikiri kwanza.

"Fomu ingepita mezani kwa nani?" akauliza.

Nikamwambia, labda kwa afande.

"Basi nisingeijaza."