Wimbo Twaujua, Mtunzi Je?

Jumapili iliyopita nilikuwa Lighthouse na washkaji zangu, tumekaa ukutani na viazi karai vyetu, twaangalia meli ikiingia Kilindini. Kijana mmoja akapita na gitaa, akaona wageni wawili wamenunua madafu, akawaanzia Jambo Bwana. Wageni wenyewe hawana Kiswahili hata cha kuombea maji, lakini huo wimbo waliuimba naye mpaka mwisho.

Nikauliza, "Huu katunga nani?"

Mmoja wetu akasema, "Si ule wa filamu ya simba?" Mwengine akasema, "Ah, huo ni wa zamani tu, hauna mwenyewe."

La kwanza lilinichekesha. La pili liliniuma. Mwenyewe alikuwepo, alikuwa mtu wa Pwani hii hii, na alifariki juzi tu, 2024. Sisi tumekua na wimbo wake masikioni na hakuna aliyeweza kumtaja jina. Basi leo tuongee historia kidogo, historia ya tuzo. Kuna nyimbo za Kiswahili zimezunguka dunia na kurudi na heshima kubwa kubwa. Swali langu ni moja: heshima hiyo ilimfikia nani?

Tuanze na huyo wa Jambo Bwana. Jina lake ni Teddy Kalanda Harrison. Yeye na ndugu zake walikuwa na bendi hapa Mombasa tangu mwanzo wa miaka ya 1970, wakaiita Them Mushrooms. Ndio hao hao wa Embe Dodo, ile ambayo mamako bado aiimba akipika. Kazi yao ilikuwa kupigia watalii muziki kwenye hoteli za ufuoni. Sasa Teddy akachukua yale maneno mepesi ambayo mgeni hufundishwa siku ya kwanza, salamu na makaribisho, akayatia kwenye sauti ambayo hata mlevi hawezi kuikosea.

Hebu fikiria vizuri. Sisi wenyewe hatusalimiani hivyo. Ushawahi kusikia Kibokoni mtu akamwambia mwenzake "jambo bwana"? Hicho ni Kiswahili cha kumfungulia mgeni mlango, na kutunga kitu chepesi namna hiyo kikadumu zaidi ya miaka 40 si kazi rahisi. Wengi hudhani wimbo mwepesi umejitunga wenyewe. Labda ndiyo maana mshkaji wangu alisema hauna mwenyewe.

Wimbo ulitoka 1982. Kufikia 1987 ulikuwa umeuza kopi zaidi ya 200,000, na kampuni ya PolyGram ikawapa platinamu. Platinamu haina majaji wala kura za simu, ni hesabu ya mauzo. Kila kopi iliyohesabiwa, kuna mtu alitoa pesa mfukoni dukani. Zile kaseti zilizorekodiwa nyumbani, na zilizopigwa kwenye matatu mpaka utepe ukakatika, hazimo kwenye hesabu hiyo. Kwa mtunzi wa Mombasa wa miaka hiyo, hiyo ilikuwa heshima kubwa na ilimfikia mwenyewe. Ishike hiyo, tutairudia.

Wakati huo huo wimbo ulikuwa ushavuka bahari. 1983 Boney M., kundi kubwa la Ujerumani, walitoa toleo lao. Halafu 1994 ikaja The Lion King. Ile Hakuna Matata ya filamu ni wimbo mwengine kabisa, wa Elton John na Tim Rice. Uliingia kwenye orodha ya kuwania Oscar, lakini tuzo ikaenda kwa wimbo wao mwengine wa filamu hiyo hiyo, na Hans Zimmer akachukua Oscar ya muziki wa filamu nzima. Jasho lao, haki yao. Lakini leo mtoto wa Kizingo akisikia maneno hayo mawili awaza nguruwe na nguchiro wa katuni. Na Disney walisajili maneno hayo kuwa alama yao ya biashara kwenye nguo, usajili ukakamilika 2003. Watu wa Afrika Mashariki walikuja kushtuka 2018, ombi la kupinga liliposambaa mitandaoni. Miaka 15 baadaye!

Sasa turudi nyuma zaidi, kwa Malaika. Fadhili William, mtu wa Taita, ndiye ajulikanaye zaidi kwa kuurekodi mapema. Lakini nani aliutunga? Wengine wasema ni yeye, wengine wamtaja Adam Salim wa Tanzania, na hapa kwetu utasikia jina la Lucas Tututu. Wazee wameligombania jambo hilo miaka mingi na halijakatwa.

Wakati sisi twabishana, Harry Belafonte na Miriam Makeba waliutia kwenye albamu yao ya 1965, An Evening with Belafonte/Makeba. Mwaka uliofuata albamu hiyo ikashinda Grammy ya rekodi bora ya muziki wa asili. Miaka ya 1960, Kiswahili kiko ndani ya albamu yenye Grammy! Mimi nilipojua nilitaka kupiga kelele dirishani. Tuzo ilienda kwa walioimba, na waliimba vizuri, sina neno. Lakini upande wa mtunzi tulikuwa na majina matatu na ugomvi. Fadhili William alifariki 2001 na ugomvi bado hai.

Ya tatu ni Baba Yetu. Kama wacheza gemu waijua, ni ile ya kufungulia Civilization IV ya 2005. Maneno ni sala ya Wakristo kwa Kiswahili, na muziki ni wa Christopher Tin, Mmarekani. Februari 2011 wimbo huo ulimpa Grammy, na ukaingia kwenye historia kuwa muziki wa kwanza wa gemu kushinda tuzo hiyo. Siku hiyo hiyo albamu yake, Calling All Dawns, ikachukua Grammy nyengine.

Angalia sasa tuzo zenyewe zinavyokwenda. Ile Grammy ya Baba Yetu ilikuwa ya mpangilio wa muziki, kwa hivyo ilienda kwa aliyepanga muziki. Lakini fungua maelezo ya wimbo utamkuta Mkenya, Chris Kiagiri, ameandikwa kwa kuyaweka maneno ya Kiswahili. Hakupanda jukwaani, ila jina lake liko pale, na hakuna mtu atakayesema kesho hayo maneno hayana mwenyewe.

Najua kuna atakayeniambia, "Yakhe, tuzo za wazungu zatuhusu nini? Sisi tuna zetu." Kweli, tunazo. Neno tuzo lenyewe latokana na kutuza. Waulize bibi zenu harusi za Mji wa Kale zilivyokuwa. Taarabu imekolea, mtu ainuka na noti zake, acheza taratibu mpaka mbele, amtuza mwimbaji mbele ya kaumu nzima. Juma Bhalo alitunzwa hivyo miaka na miaka. Ukiniuliza mimi, hiyo ni heshima kuliko sanamu ya dhahabu kwenye kabati.

Lakini hata hapo tazama noti zaenda wapi. Mashairi mengi aliyoimba Juma Bhalo yalitungwa na jamaa yake, Ahmed Nassir, yule tumjuaye kama Malenga wa Mvita. Mshairi akaa nyumbani na kalamu, mwimbaji ndiye aliye mbele ya macho ya watu. Bahati yetu Ahmed Nassir alichapishwa vitabuni, kwa hivyo jina lake lasomwa mpaka leo. Je, wale waliotunga na hawakuchapishwa?

Nasema haya kwa sababu yamenifika. Kuna wakati nilitunga kiitikio cha wimbo chumbani kwa rafiki, usiku mmoja, feni imeharibika twatokwa jasho. Wimbo ukatoka, ukapendwa, ukapata tuzo ndogo tu ya vijana. Nilikuwa kwenye ukumbi. Mwimbaji akamshukuru Mungu, akamshukuru mamake, akashuka. Mimi nilipiga makofi kama wengine. Ushahidi wangu wote ulikuwa sauti niliyojirekodi kwenye simu, na ile simu ilishaanguka majini pale kivukoni Likoni. Nimlaumu nani? Hatukuandikiana hata mstari mmoja.

Ndiyo maana siamini ile hadithi kwamba kila mara twaibiwa. Mara nyengine, ndio, twaibiwa. Lakini mara nyingi mno tuzo hufuata karatasi, na sisi karatasi twaiona kama kumvunjia mwenzako heshima. "Kwani huniamini?" Namwamini. Lakini Malaika walikuwa wakiaminiana pia.

Sheria ya Kenya yasema hakimiliki ya wimbo huishi maisha ya mtunzi na miaka 50 baada ya kifo chake. Teddy Kalanda amefariki 2024, kwa hivyo Jambo Bwana ina ulinzi mpaka 2074. Wengi wetu tutakuwa wazee wakati huo. Haki ni yako tangu siku unapourekodi wimbo, lakini ukibishiwa utatakiwa uthibitishe, na hapo ndipo usajili wa KECOBO unakuokoa. Na kabla hata ya huko, usitoke studio bila karatasi moja: nani katunga maneno, nani katengeneza biti, kila mtu asilimia ngapi, tarehe, sahihi. Dakika kumi. Hata ukiandika nyuma ya risiti ya kachri, andika.

Kuhusu yule kijana wa gitaa, nilimfuata alipomaliza nikamuuliza kama amjua mtunzi. Akasema hapana. Nikamwambia. Akalirudia jina mara mbili, polepole, kisha akaenda kwa wageni wengine waliokuwa karibu na mbuyu. Kabla ya kuanza nikamsikia akiwaambia: huu ni wa Teddy Kalanda, wa hapa hapa.

Sasa nyinyi. Mtaani kwenu kuna wimbo gani kila mtu aujua na hakuna amjuaye mtunzi? Muulizeni babu, muulizeni shangazi, kisha niandikieni jina hapo chini.