Sinema Ilianzia Mlimani, Gari Likafia Mnyuzi

Tukikaa kijiweni na kuanza ubishi wa sinema, kila mtu anakimbilia Dar es Salaam. Huyu atasema habari za Bongo muvi, yule atakumbusha picha za Kihindi za zamani alizosimuliwa na mama yake. Wa Tanga atajitutumua kidogo na kuitaja Majestic. Basi, ubishi unaishia hapo. Hakuna anayeitaja Vugiri, nami kila nikiitaja naulizwa kama ni jina la dawa.

Vugiri, ndugu msomaji, ni kijiji cha mlimani, wilaya ya Korogwe. Huko ndiko Waingereza walikofungua kituo cha kutengeneza filamu mwaka 1935. Mradi wenyewe uliitwa Bantu Educational Kinema Experiment, fedha zilitoka Shirika la Carnegie la Marekani, na mtaalamu wa kamera alikuwa Meja L. A. Notcutt. Bwana huyu aliwahi kusimamia mashamba ya mkonge huku Afrika Mashariki, na ni mkonge huohuo uliompa wazo: aliona sinema ya shambani ingewafanya vibarua watulie, waridhike na kazi. Hebu soma tena hapo. Mtu hakuja na kamera kwa sababu ana hadithi inayomwasha moyoni. Alikuja nayo kwa sababu ana vibarua.

Hata hivyo kazi ilifanyika, na si ndogo. Hadi mradi unakufa mwaka 1937 zilikuwa zimepigwa filamu zipatazo 35. Zilihusu minyoo ya safura, kodi, chai, ngozi, mmomonyoko wa udongo. Ipo moja iliyohusu Benki ya Akiba ya Posta: watu wawili wanalipwa mshahara, mmoja anaufukia nyumbani kwake na mwizi anaufukua, mwenzake anapeleka posta. Picha hazikuwa na sauti. Maneno yaliwekwa kwenye santuri, kila eneo kwa lugha yake, halafu lori likapakiwa projekta na jenereta likashuka mlimani. Lilizunguka Tanganyika, Kenya, Uganda, likafika mpaka Nyasaland na Rhodesia ya Kaskazini, ambazo leo ni Malawi na Zambia. Barabara za wakati ule unazijua wewe!

Sasa nije kwangu. Mwaka juzi nilikuwa nimemaliza kidato cha nne siku nyingi, riwaya yangu imekwama sura ya tatu, mfukoni sina kitu. Binamu yangu ana kibanda umiza mjini Korogwe, na siku za sikukuu hupakia projekta, spika na jenereta kwenye pikapu yake kuukuu akaonyeshe vijijini. Akaniambia, "Twende ukanishikie waya." Tulikuwa tunaelekea vijiji vya upande wa Muheza. Kufika Mnyuzi rejeta ikapasuka. Mvuke juu, maji chini, na jua ndilo hilo linazama.

Mnyuzi ni mahali pa reli. Reli ya Tanga, ambayo Wajerumani walianza kuijenga mwaka 1893 na kuifikisha Moshi 1911, inapita hapo, na pembeni ni mkonge mtupu. Fundi aliifungua rejeta, akaipakia kwenye bodaboda kwenda kuichomelea Korogwe, akasema kesho asubuhi. Watu walishaona vyombo vyetu. Watoto wakaanza, wazazi wakafuata: kwani hamtuonyeshi? Tukatundika shuka.

Flashi tuliyokuwa nayo ilikuwa na Commando, ile ya Schwarzenegger ya 1985, picha ambayo vibandani haizeeki. Kasheshe ni kwamba ilikuwa ya Kiingereza kavu, haijatafsiriwa. Dakika kumi hazijaisha kelele zikaanza: "Tafsiri! Tafsiri!" Hapo ndipo utajua maana ya Derek Mukandala, maarufu Lufufu, aliyewazoesha Watanzania kusikia sauti ya mtu wao juu ya picha ya ng'ambo. Uganda wanaye VJ Jingo, Kenya DJ Afro. Sisi jioni ile hatukuwa na mtu.

Akajitokeza kijana wa bodaboda, akaomba maiki. Kiingereza chake kilikuwa cha kubahatisha, lakini hakukihitaji sana. Jamaa aliporuka kutoka kwenye tairi za ndege, yeye akasema, "Huyo anashukia Segera, nauli imemwishia." Waliomteka bintiye wakawa wasimamizi wa shamba waliokata posho. Umati ulilipuka. Mama mmoja aliyekaa mbele yangu alicheka mpaka akamsahau mtoto mgongoni. Mimi nilikuwa nimeshika waya, nikiwaza sura yangu ya tatu, ambayo watu wake wote wanaongea kama wanasoma taarifa ya habari.

Nikawaza na kitu kingine. William Sellers, aliyeongoza kitengo cha filamu za makoloni kilichoanzishwa London mwaka 1939, alishikilia kwamba Mwafrika apewe picha za polepole, zisizokatwakatwa, la sivyo hataelewa. Angekuja Mnyuzi! Pale picha ilikatwa kila sekunde mbili, lugha ilikuwa ya kigeni, na watu walielewa hata yasiyokuwamo.

Picha ilipokwisha mzee mmoja hakuondoka. Nikamwamkia, "Shikamoo babu," akaitikia, akakaa juu ya ndoo yetu ya maji. Alikumbuka gari la sinema lililokuwa likija kambini utotoni mwake, miaka ya 1950. Nikamwambia enzi hizo hata Rashidi Kawawa alicheza sinema, Muhogo Mchungu, kabla hajawa Waziri Mkuu mwaka 1962. Hakushangaa. "Kawawa nilimwona kwenye shuka kabla ya kumwona kwenye siasa," alisema. Bado sijui kama ni kweli au alinitania.

Lakini habari za Vugiri hakuwa amezisikia. Nilimweleza zote, kuanzia santuri hadi lori. Nikamwambia kuwa katika filamu zile zilizosalia ni chache mno, mojawapo ile ya mashamba ya Kingolwira, Morogoro, na kwamba zimehifadhiwa Uingereza. Alinyamaza kidogo. Marehemu baba yake alikata mkonge sehemu hizi wakati huohuo.

"Sasa hao waliopigwa picha," akaniuliza, "walilipwa, au ilihesabiwa kuwa ni siku ya kazi?"